Ubatizo Saa ya Hatari

Tuseme mtoto amezaliwa usiku katika nyumba moja ya Chuno, mjini Mtwara. Pumzi yake ni ya shida, gari la kumpeleka hospitali ya Ligula bado linatafutwa, na Padre yu mbali. Wazazi Wakatoliki wafanyeje? Wengi hukaa wakilia, wakidhani mlango wa ubatizo umefungwa. Haukufungwa.

Bwana wetu alimfundisha Nikodemo ya kuwa mtu hana budi kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Kwa ubatizo dhambi ya asili huondolewa, na mtu hufanywa mwana wa Mungu na kiungo cha Kanisa. Kwa kuwa jambo hili ni la lazima namna hiyo, saa ya hatari mtu yeyote aweza kubatiza: baba, mama, mkunga, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lifanyalo Kanisa.

Namna yake ni hii. Mimina maji juu ya kichwa cha mtoto, yatiririke, huku ukisema: "Mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya kisima chenye chumvi yafaa, ya mvua yafaa, hata ya bahari; maji ya dafu hayafai. Wala usiseme "Sisi twakubatiza": mwaka 2020 Roma ilitangaza kwamba ubatizo wa maneno hayo ni batili. Mtoto akipona, apelekwe kanisani kwa ibada zilizosalia na kuandikwa kitabuni, asibatizwe tena.

Ndivyo alivyofanya Karoli Lwanga, mlei, huko Munyonyo mwezi Mei 1886. Usiku wa kuamkia hukumu alimbatiza Kizito na wakatekumeni wenzake. Tarehe 3 Juni waliteketezwa Namugongo. Naye Mukasa Kiriwawanvu, aliyekufa bila kupata maji, ni mtakatifu: damu yake ilikuwa ubatizo wake.

Kwa maana Mungu hafungwi na sakramenti zake. Mama aliyefiwa na mtoto kabla ya ubatizo asikate tamaa. Kanisa humkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu. Lakini tumaini hilo si ruhusa ya uvivu. Wako wangojao fedha ya karamu, au mjomba arudi kutoka Dar es Salaam. Sheria ya Kanisa yataka majuma ya kwanza. Pilau yaweza kungoja, mtoto asingojeshwe.

Basi, wazazi wapenzi, jioni ya leo wafundisheni wakubwa wote wa nyumba maneno yale machache.