SOMO LA 12: PROPELA NYEPESI

Ukichungulia chini ya lori utaona bomba refu la chuma. Limetoka kwenye giaboksi mpaka kwenye difu. Mafundi huliita propela. Bomba hilo hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma.

Huko Marekani, magari mengi ya Ford Mustang ya mwaka 2005 hadi 2014 yalitoka kiwandani na propela ya chuma ya vipande viwili. Wapenda mbio wengi huitoa. Badala yake hufunga bomba moja la aluminiamu, ambayo uzito wake ni karibu theluthi moja ya chuma.

Je, faida yake ni kubwa? Funga jiwe kwenye kamba fupi ulizungushe. Kisha lifunge kwenye kamba ndefu. Kamba ipi inachosha mkono? Propela ni kama kamba fupi, kwa kuwa uzito wake uko karibu na katikati. Kwa hiyo kuipunguza uzito kunasaidia, lakini si sana kama wauzaji wanavyosema.

Sasa tupige hesabu. Tuseme gurudumu likizunguka mara 1, gari husogea mita 2, na propela huzunguka mara 3 na nusu. Gari likienda kilomita 120 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 1,000 kwa dakika. Propela huzunguka mara 3,500!

Kila bomba lina kasi yake ya hatari. Likiifikia, hupinda katikati kama kamba ya watoto wanaoruka, kisha huweza kuvunjika. Bomba refu huifikia mapema. Bomba jembamba pia. Vipande viwili vifupi huiepuka kasi hiyo. Anayeweka bomba moja la aluminiamu lazima achague lililo pana zaidi, maana aluminiamu ni nyepesi lakini hupindika upesi kuliko chuma. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu. Ford waliziweka katika Shelby GT500 ya mwaka 2013. Lakini bei yake ni ghali.

Propela ikikatika upande wa mbele, ncha yake huweza kuchoma barabara na kulirusha gari juu. Watu hufa. Ndiyo maana magari ya mashindano hufungwa pete nene ya chuma kuizunguka propela. Kabla ya kutoa fedha, mwulize muuzaji: kwa urefu huu, kasi ya hatari ni mizunguko mingapi? Asipojua, ondoka.

MASWALI
1. Kwa nini kiwanda kilitumia vipande viwili?
2. Gari likienda kilomita 240 kwa saa, propela huzunguka mara ngapi kwa dakika?
3. Pete ya chuma ina kazi gani?