Theluji ya kwanza: cheza bila kuganda

Mjini Buffalo, Marekani, kando ya Ziwa Erie, theluji huweza kufika magotini kwa usiku mmoja. Familia za Wakongo zilizohamia huko huipokea kwa vigelegele. Madokezo haya yawalinde watoto wasirudi ndani wakilia.

1. Vaa nguo kadhaa nyepesi. Ya ndani isiwe ya pamba, ikilowa jasho inakupoza.
2. Chagua glavu zisizopitisha maji. Za sufu hulowa ukifinyanga donge la kwanza la theluji.
3. Vidole vikifa ganzi, ingia ndani, viloweke kwenye maji vuguvugu, usivisugue.
4. Penye utelezi, tembea kama bata: hatua fupi, mikono nje ya mifuko.
5. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha gari.
6. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe. Hewa yake huua kimyakimya.