Fundi akikutoza apu mbili, muulize anatumia nini

Wadau wa biashara mtandaoni, hii isome kabla hujatoa advansi kwa fundi wa apu.

Kuna mtindo wa kutaja bei ya Android peke yake, halafu ya iPhone peke yake, kama unajengewa nyumba mbili. Zamani ilikuwa na mantiki. Android inaandikwa kwa Java au Kotlin, iPhone kwa Swift, kwa hiyo kazi ilikuwa mara mbili kweli. Siku hizi kodi moja inatoa apu zote mbili. Zana zinazojulikana sana ni React Native ya Facebook, iliyotoka 2015 na inatumia JavaScript, na Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018, lugha yake Dart. Apu ya duka la kawaida, yaani picha, bei, kikapu na sehemu ya kulipia, zote mbili zinaiweza.

Ila usimwambie fundi basi ya iPhone iwe bure. Lazima aijaribu kwenye simu zote, na kuitengeneza ya iPhone kunahitaji kompyuta ya Mac. Halafu kuna ada. Google Play unalipa dola 25 mara moja tu, Apple ni dola 99 kila mwaka. Kila mwaka, wadau! Ukiacha kulipa, apu inaondolewa. Mimi hapa Sapiwi wateja wangu karibu wote wanashika Android, sasa hiyo dola 99 niuze viatu pea ngapi irudi? Anza na Android, ya iPhone utaitoa baadaye kwenye kodi hiyo hiyo.

Pointi kubwa ni hii: akaunti ya Google Play ifunguliwe kwa jina lako na barua pepe yako, na kodi ukabidhiwe. Ikiwa ya fundi, siku mkikosana au akibadili namba, huwezi kurekebisha hata kosa dogo.

Akaunti mpya ya mtu binafsi, Google inataka watu 12 waijaribu apu siku 14 mfululizo kabla ya kuiachia kwa umma. Kwa hiyo fundi akikwambia "kesho iko hewani", muulize hao 12 wako wapi.

Mwambie pia akutumie apu aliyowahi kutengeneza, uipakue kwenye simu ya bei rahisi yenye nafasi ndogo. Ikiganda kwako, itaganda na kwa mteja, naye ataifuta apate nafasi ya picha.