Kona ya Dada: Unataka Kuisoma Israeli? Keti Kwanza

Wadogo zangu, wiki hii nina barua ya binti wa mwaka wa tatu chuoni, anayesoma uhusiano wa kimataifa. Anataka tasnifu yake iwe juu ya Israeli, lakini kila anayemgusia ana jibu kabla yeye hajamaliza kusema. Mama yake mdogo, mtu wa maombi, amefurahi kwamba mtoto anakwenda kuisoma nchi ya ahadi. Mwenzake wa chumba, Mwislamu, rafiki wa kufa na kuzikana, amenuna tangu siku hiyo; kwake, kuandika juu ya Israeli ni kuwasahau Wapalestina. "Dada, nitafute mada nyingine?"

Usitafute, mdogo wangu. Ila kabla hujapeleka pendekezo kwa msimamizi, keti nikuambie mambo machache.

Anza na neno lenyewe. Kiswahili chetu kinawaita "Waisraeli" watu waliovuka bahari na Musa, na kinawaita hivyo hivyo raia wa dola iliyotangazwa Tel Aviv tarehe 14 Mei 1948. Ndiyo maana mazungumzo huanza na Musa yakaishia kwa waziri mkuu wa leo, na hakuna aliyeona yalipovukia. Imani ya mama mdogo iheshimu, lakini wewe unasoma dola. Ina bunge, Knesset, lenye viti 120. Haina katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja; ina Sheria za Msingi. Na katika kila raia watano, mmoja hivi ni Mwarabu, wengi wao wakiwa Wapalestina waliobaki ndani ya mipaka baada ya vita vya 1948, pamoja na watoto na wajukuu wao. Ukiandika "Mwisraeli" huku ukimaanisha Myahudi tu, umeshamfuta mtu. Na Wayahudi nao wametoka kila pembe: Ulaya, Moroko, Iraki, Yemeni, Ethiopia. Mwaka 1991 zaidi ya Wayahudi 14,000 wa Ethiopia walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa kwa muda wa saa 36 hivi. Maisha yao baada ya kutua, shuleni, kazini na mbele ya ubaguzi wa rangi, yanatosha tasnifu nzima.

Kisha zoea kuuliza kila tukio lina majina mangapi. Vita vya 1948 Wayahudi wa Israeli wanaviita Vita vya Uhuru. Wapalestina wanaita yaliyowapata Nakba, yaani maafa, kwa kuwa watu wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Vita vya Oktoba 1973 Israeli inaviita vya Yom Kippur, nchi za Kiarabu vya Ramadhani. Andika majina yote, useme nani anatumia lipi na kwa nini. Kuchukua msimamo unaruhusiwa, ila msomaji aone kwamba ulisikiliza kwanza.

Sasa nikupe lililonifunza mimi. Nilipokuwa chuo niliandika kwamba Umoja wa Mataifa uliitaka Israeli iondoke katika maeneo yote iliyoyateka mwaka 1967. Mwalimu akalizungushia neno "yote" wino mwekundu, akaandika pembeni: Umelitoa wapi? Nikaenda kulisoma Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967. Maandishi ya Kiingereza yanataka majeshi yaondoke katika maeneo yaliyotekwa, bila kile kineno kidogo cha kubainisha ni maeneo yapi. Ya Kifaransa yanacho. Israeli ikashika Kiingereza, ikasema si lazima kuondoka kote. Nchi za Kiarabu zikasema ni kote, zikionyesha kwamba utangulizi wa azimio hilo hilo unakataa kujipatia ardhi kwa vita. Na Kiswahili, mdogo wangu, hakina kineno hicho kabisa. Tukitafsiri, ama tunaliacha jambo wazi, ama tunaongeza "yote" au "hayo" kwa mkono wetu. Mimi niliongeza bila kujua kwamba nimeshahukumu kesi ambayo wanadiplomasia wameibishania miaka na miaka.

Kwa hiyo nenda kwenye nyaraka zenyewe, ila usidhani zitamaliza ubishi. Nyaraka za 1948 zilipofunguliwa Israeli, Benny Morris na Ilan Pappé, wote wanahistoria wa Kiisraeli, waliandika juu ya Wapalestina wale wale waliopoteza makazi. Morris anasema hapakuwa na mpango mmoja wa kuwafukuza. Wakimbizi walizaliwa na vita. Pappé anasema ulikuwepo, na kwamba ulikuwa usafishaji wa kikabila uliopangwa. Wasome wote wawili, halafu msome Walid Khalidi, Mpalestina aliyeandika juu ya Mpango Dalet wa majeshi ya Kiyahudi tangu 1961, kabla ya nyaraka hizo kufunguliwa. Kisha anza kujifunza herufi za Kiebrania na za Kiarabu. Hata ukifika kusoma vichwa vya habari tu, umeshapunguza kuazima macho ya watu.

Mada yako ifanye ndogo, na ikiwezekana ianzie nyumbani. Mwaka 1903 Uingereza iliwapa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, wazo la kuwapatia ardhi Uasin Gishu, Kenya ya leo. Watu wanauita "mpango wa Uganda" kwa kuwa eneo hilo lilikuwa limetoka tu kuhamishwa kutoka Uganda. Wachunguzi watatu walitumwa wakaitazame ardhi, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni mjini Basel ukaukataa mpango. Wenyeji wa nyanda zile hakuna aliyewauliza. Au tazama Tanzania: miaka ya 1960 wataalamu wa Israeli walikuja kusaidia kilimo na ushirika, Oktoba 1973 tukavunja uhusiano, 1995 tukaurejesha, 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Nini kilibadilika kila mara? Hapo una kitu ambacho mtafiti wa London hana: unaweza kusoma Uhuru na Ngurumo za miaka ile, ukakaa na wazee waliofanya kazi na wataalamu wale.

Mwisho, rafiki yako aliyenuna. Usimwone mkorofi, ana uchungu. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli, wakiwemo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Katika vita vilivyofuata Gaza, Wapalestina makumi ya maelfu wameuawa, watoto wengi miongoni mwao. Katika tasnifu yako usiwahi kuwaweka marehemu wa upande mmoja kwenye mizani ili wawalipie wa upande mwingine. Kila mmoja ana mama yake.

Ukimaliza sura ya 1948, kabla hujampa msimamizi, mpe rafiki yako aisome. Muulize kitu kimoja tu: "Nani nimemsahau?" Kaa kimya, sikiliza, kisha rudi ukaandike upya. Halafu niandikie uniambie alikujibu nini.

Dada yenu.