Kichwa Kizito, Akili Haishiki: Uanzie Wapi?

Umetumwa sokoni Darajani vitu vitatu, umerudi na viwili. Unausoma ukurasa mara ya pili na bado hujui umesoma nini. Mtu anakuita kwa jina lako, unachelewa kuitika. Ikiwa ni hali ya siku moja, huo ni uchovu tu. Ikikaa wiki mbili au tatu, kuna sababu inayotaka kutafutwa. Siku hizi hali hii huitwa ukungu wa akili. Si ugonjwa bali ni dalili, na kwa hiyo haina dawa yake moja. Anayekuuzia chupa ya "kufungua akili" bila kukupima hajui anatibu nini.

Anza na lisilogharimu hata senti: usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Sasa piga hesabu ya nyumba nyingi za Mji Mkongwe: watu wanalala saa 6 usiku, simu mkononi, na saa 11 alfajiri wako macho kwa sala. Hizo ni saa 5. Kulala kidogo baada ya adhuhuri kunasaidia sana, lakini dakika 20 au 30 zinatosha. Ukizidisha utaamka mzito kuliko ulivyolala. Kahawa ya barazani nayo ina lake. Nguvu ya kahawa huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 2 usiku bado kinakuchemsha saa 7 usiku. Kinywe alasiri. Na kama unakoroma sana na wenzako wanasema pumzi hukatika usingizini, mwambie daktari, kwa sababu hapo hata saa 8 za kitandani hazitakupumzisha.

La pili ni maji. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, jasho linatoka bila wewe kulihisi, hasa ukishinda dukani kusiko na feni. Tazama mkojo wako: ukiwa wa manjano iliyokolea, mwili unadai maji. Maji yaliyochemshwa yanatosha. Dafu ni zuri, soda si badala yake. Mwezi wa Ramadhani gawa maji yako kidogo kidogo baina ya futari na daku, usiyanywe yote kwa mkupuo mmoja.

Ukiwa unalala na kunywa vizuri na kichwa bado kizito, fikiria damu. Hapa ndipo ningependa msomaji wa Unguja akae kidogo, maana upungufu wa damu ni jambo la kawaida visiwani, zaidi kwa wanawake na watoto, na wengi huishi nao wakidhani ni uvivu. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kwenda kwenye ubongo. Ikipungua, mtu huchoka kwa ngazi chache tu, moyo humwenda mbio, na mawazo hupotea njiani. Simama penye mwanga na kioo, vuta chini kope la jicho: ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, usichelewe kupima. Kipimo chenyewe ni tone la damu la kidoleni. Omba kuambiwa namba. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kwa mjamzito, chini ya 11. Kwa mwanamme, chini ya 13.

Damu inaishia wapi? Hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, minyoo, na kichocho. Kichocho cha Unguja hupatikana kwenye mito na madimbwi ya maji baridi, si baharini, na dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo. Mtoto anayesinzia skuli aulizwe hilo kabla ya kuchapwa. Kwa chakula, tafuta maini, dagaa, kunde, mchicha na kisamvu, na ukamulie ndimu ili mwili ufyonze madini ya chuma. Chai isubiri saa moja baada ya kula, kwa kuwa huzuia madini hayo.

Tazama pia kabati la dawa. Vidonge vya mafua na mzio, vile ambavyo wengi wetu huviita Piriton, hulevya. Baadhi ya dawa za usingizi na za maumivu makali pia. Usiache dawa uliyoandikiwa, lakini uliza kama inaweza kubadilishwa. Na jiko la mkaa lisiwashwe kwenye chumba kilichofungwa: hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ikiwa watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko.

Sukari, tezi ya shingo, kukoma hedhi na mabaki ya UVIKO-19 navyo huleta ukungu. Sonona vilevile, yaani huzuni isiyoondoka wiki mbili na zaidi. Kwa hiyo ya mwisho, usione haya: mweleze daktari wa kituo chako, naye atakuelekeza hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ikihitajika. Wanaokwenda huko si "wendawazimu" kama mtaa unavyosema.

Upimwe wapi? Anza kituo cha afya cha karibu; ikibidi watakupeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, au Kivunge kwa wa kaskazini na Makunduchi kwa wa kusini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilitangaza matibabu ya bure hospitali za serikali, lakini dawa ikikosekana utainunua dukani, kwa hiyo beba akiba kidogo. Hospitali binafsi uliza bei kabla ya kutolewa damu. Andika kwenye karatasi: hali ilianza lini, unalala saa ngapi, na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Kisha sema wazi: "Naomba nipimwe wingi wa damu na sukari."

Lakini mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakigongana ghafla, au mgonjwa wa homa akianza kuweweseka, usiandike karatasi yoyote. Hicho huenda ni kiharusi au malaria kali, hasa kama ametoka Bara karibuni. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.