Nyuki Wamekwenda Wapi? Na Ndovu, Je, Amepotea?

Mwaka huu nawaletea somo badala ya hadithi. Swali lenyewe nalisikia hapa Kitale ninakosomea na kule Bungoma kwetu: mbona nyuki wanatoweka mizingani, na mbona wanyama wa porini wanaingia mashambani kama waliopotea njia?

Majibu ya barabarani ni mengi. Wengine husema ni minara ya simu. Wengine ati ni uchawi wa jirani. Mimi nasema tuchunguze kwanza, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tuanze na ndovu. Ndovu wa Mlima Elgon huingia mapangoni, kama vile pango la Kitum, wakachimba kwa pembe zao mwamba wenye chumvi. Humo ndani ni giza totoro, nao hupapasa kwa mkonga, wakipita pale walipopita mama zao. Mnyama kama huyo atapoteaje mchana peupe? Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968, lakini mpaka ulichorwa na mtu. Mahali pengi palipokuwa msitu leo ni mahindi. Ndovu anashika njia ya kale kutafuta maji na chakula, kumbe njia imelimwa!

Karibu na Kitale tuna pia Hifadhi ya Kinamasi cha Saiwa, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya swala apendaye majimaji. Ukubwa wake ni kama kilomita 3 za mraba tu, na kuizunguka ni mashamba. Nzohe akitoka hatua chache, yuko kwa mtu. Huyo hajapotea. Nyumba yake ndiyo ndogo.

Sasa nyuki. Nyuki huijua njia kwa jua, kwa harufu na kwa alama kama miti. Akipata maua, hurudi akacheza ngoma kuwaonyesha wenzake upande na umbali. Karl von Frisch, aliyeifasiri ngoma hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Basi ni nini kinachomvuruga mdudu hodari namna hii?

Mwaka 2012, wataalamu wa Ufaransa waliwabandika nyuki vifaa vidogo mgongoni, kisha wakawalisha dawa ya wadudu iitwayo thayamethoksamu, kiasi kisichoua papo hapo. Wengi walishindwa kurudi nyumbani. Mwaka 2018, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hiyo na nyingine mbili za jamii yake kutumiwa mashamba ya nje. Kwetu, viwavijeshi vamizi waliingia mwaka 2017 wakashambulia mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma, na pampu za dawa zikapanda migongoni. Kuna pia utitiri wa varoa, uliotambuliwa Kenya mwaka 2009, ingawa nyuki wetu wa Kiafrika huustahimili kuliko wale wa Ulaya. Kuhusu minara ya simu, hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba ndiyo inayowamaliza.

Lakini jameni, si kila mzinga mtupu una kisa kimoja. Shikeni dalili hizi:

(a) Hakuna mizoga, hakuna majana wala asali, masega ni makavu. Hao wamehama. Nyuki wetu ni wepesi wa kuhama wakiona njaa, jua kali, siafu au usumbufu. Wanaweza kurudi.

(b) Mizoga imerundikana mlangoni, ndimi nje, wengine wanazunguka wakitetemeka. Hiyo ni sumu, na aghalabu kuna aliyepiga dawa siku hiyo au jana yake.

(c) Malkia yupo, majana yapo, asali ipo, ila vibarua hawapo. Ndiyo hali iliyoishangaza Marekani tangu mwaka 2006. Wataalamu huitaja dawa, utitiri, magonjwa na uhaba wa maua, mara nyingi vyote kwa pamoja.

(d) Masega yametafunwa na kujaa nyuzi kama za buibui. Huyo ni nondo wa nta, ambaye kwa kawaida huja kundi likiwa limeshadhoofika.

Mjomba wangu wa Bungoma ana mizinga sita, na asali yake husaidia kunilipia karo. Likizo ya Agosti aliikuta yote kimya. "Mpwa wangu, huyu jirani ameniibia!" akafoka. Ugomvi ulikuwa umeanza kunukia. Nikamwambia, "Mjomba, tafadhali tufungue kwanza." Minne ilikuwa na dalili ya (a), na njia ya siafu ilionekana wazi kwenye mti. Miwili ilikuwa na dalili ya (b). Jirani alipoulizwa kwa upole, alisema alipiga dawa nyanya zake jana yake saa nne asubuhi, kando ya maboga yaliyochanua. Naye akalalamika: maboga yake yanaanguka yangali madogo! Si ajabu. Mahindi huchavushwa na upepo, lakini boga lina ua dume na ua jike, na mpeleka chavua ni nyuki.

Wizi haukuwapo. Wakakubaliana hivi: dawa ipigwe jioni nyuki wakishalala, wala isiguse maua, na mjomba aarifiwe mapema afunike mizinga. Mjomba naye apake grisi kwenye nguzo za mizinga kuzuia siafu. Nyuki huweza kuruka kilomita 3 na zaidi, kwa hivyo mapatano ya majirani wawili hayatoshi. Yafaa kijiji kizima kikae.

Ndugu msomaji, likizo ijayo ukisikia mzinga umenyamaza, ufungue ukiwa na mkubwa anayewajua nyuki, usome dalili, ndipo useme ni nani mkosaji. Alamsiki.