Bibi aliitwa yatima, kumbe baba yake alikuwa hai

Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Kilosa mjini, nauza vipuri vya pikipiki. Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana. Tangu tukiwa wadogo tulijua kwamba Bibi ni yatima wa misheni. Alilelewa na wauguzi kwenye kituo cha watoto huko upande wa Mamboya, akasomeshwa, akaolewa. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi baba yangu ni Kanisa," nasi tunacheka.

Siku ya arobaini, mzee mmoja aliyetoka huko alinivuta pembeni akaniambia kwamba aliyefariki ni mama yake Bibi tu, siku ya kujifungua. Baba alikuwa hai miaka yote. Kila baada ya mavuno alikuja kituoni na kibuyu cha asali na unga kidogo, akakaa kwenye benchi la nje, akamtazama mtoto akicheza, kisha akaondoka zake. Shangazi, sikulala. Mzazi gani anakuja kumtazama mwanawe kama mgeni?

Nilipomuuliza mama mkubwa alikuwa mkali: "Waliokufa wamekufa, usitufukulie makaburi." Mama yangu amenyamaza. Bibi hakuwahi kututajia mjomba wala ndugu yeyote wa kwao. Ninacho cheti chake cha ubatizo cha mwaka 1963, lakini kijiji kilichoandikwa humo kila ninayemuuliza hakijui. Nataka kuwajua watu wa huyo babu. Nianzie wapi? Na je, nina haki hiyo ikiwa wakubwa hawataki?

Mjukuu, Kilosa

*

Mwanangu, poleni sana kwa msiba.

Tuanze na hilo swali lililokunyima usingizi. Miaka hiyo kichanga aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa alikuwa na shida moja iliyozidi zote: maziwa. Baba angeweza kulima, kujenga, kuwinda, lakini kunyonyesha hawezi. Kama hapakuwa na ndugu wa kike mwenye mtoto mchanga wakati huohuo, kilichobaki ni maziwa ya mbuzi na uji mwepesi wa mtama, kwa kijiko, kwa maji ya mtoni. Wengi walikwenda kwa kuhara kabla ya kuota jino. Misheni ilikuwa na maziwa ya unga, vyombo vilivyochemshwa na muuguzi wa zamu ya usiku. Aliyembeba mtoto kwa miguu kumpeleka kule huenda alikuwa anamwokoa. Simtakasi babu yako, maana simjui. Ila mtu aliyemtupa mtoto harudi kila mavuno.

Wala jambo hili si la Ukaguru, nchi ya huko Mamboya, peke yake, na halijaisha. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba katika vituo vya watoto duniani, angalau wanne kati ya kila watoto watano wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hapa kwetu, kule Tengeru, Arusha, kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1949 watoto zaidi ya mia moja wa kambi ile walichukuliwa kama yatima wakapelekwa Canada, na serikali ya Poland ikalalamika kwamba baadhi yao wana wazazi na ndugu nyumbani wanaowangoja.

Sasa nije kwenye kitu kilichonigusa katika barua yako, na nadhani wewe umekipita haraka. Umeandika kwamba Bibi hakuwahi kumtaja mjomba. Mwanangu, Wakaguru wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake kwa desturi ya zamani ni mjomba. Baba anapendwa, anaheshimiwa, ana nafasi yake, lakini mke akifa, watu wa mke ndio wa kwanza kuulizwa: mtoto wenu huyu, mnafanyaje? Wewe umekasirika na baba aliyekuja na asali. Mimi ningeuliza wajomba walikuwa wapi. Huenda walikuwa mbali, huenda walikuwa na njaa, huenda mahari ilikuwa haijamalizwa na pande mbili hazisemezani, na baba akajikuta hana ruhusa ya kumchukua mtoto hata alipokua na kuacha maziwa. Inawezekana lile benchi la nje ndipo mahali pekee palipobaki kwake.

Hapo utamwelewa mama mkubwa. Bibi, mama yako, mama yako mkubwa, na wewe mwenyewe, wote ni ukoo mmoja, ule ule wa wajomba wasiotajwa. Ukiwafuatilia watu wa baba hakuna anayeona aibu. Ukiuliza kwa nini kichanga hakuchukuliwa na watu wa mama yake, unauliza habari za kwenu. Ukali wake sidhani ni kwa ajili ya yule mzee wa asali.

Liko na jambo jingine, nalisema taratibu. Zamani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, au aliyezaliwa kwa namna isiyo ya kawaida, alihesabiwa kigego, mkosi kwa ukoo. Wakaguru walikuwa na imani hiyo, na makabila mengine mengi ya nchi hii pia. Watoto wa namna hiyo waliuawa au walitolewa nje ya ukoo, na wengine walipona kwa kupokelewa na misheni. Sisemi Bibi alikuwa mmoja wao. Nasema kwamba ukikuta wazee wanakwepa, usidhani mara moja wanaficha uhalifu wa baba. Na neno hilo usilitamke wewe kwanza mbele yao, asilani.

Uanzie wapi? Kwa yule mzee wa arobaini, tena wiki hii. Karatasi hazifi, yeye ana umri. Usimuulize "kwa nini", maana atakupa hotuba. Muulize vitu vidogo: baba alitokea njia ipi, ya mlimani au ya bondeni? Alikuja peke yake au na mwanamke? Walinzi na wapishi walimwitaje? Nani aliyekuwa akimbeba Bibi mgongoni? Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu upande huo umekuwapo utaratibu wa ndugu wa kike wa marehemu, dada au binti wa ukoo, kuja kukaa kituoni kumtunza mtoto hadi akue na kurudi kwao. Kama kulikuwa na binti wa namna hiyo, basi wajomba hawakumsahau kabisa, na hadithi yako yote inabadilika.

Kisha cheti. Cheti ni dondoo tu. Daftari la ubatizo parokiani huwa na mengi zaidi: jina la baba na la mama, kijiji, wadhamini, mchungaji aliyebatiza. Majina ya wadhamini yaandike kwa makini, mara nyingi mmoja wao ni ndugu. Kumbuka pia kwamba waandishi wa madaftari hayo wengine walikuwa wageni, wakiandika jinsi sikio lao lilivyosikia. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifika Mamboya karibu mwaka 1880, na katika barua na ramani zao za zamani utaiona imeandikwa Mamboia. Kwa hiyo tafuta jina la babu kwa r na kwa l, kwa h na bila h.

Kijiji kisichojulikana hakinishangazi hata kidogo. Mwaka 1963 watu wa milimani waliishi katika vitongoji vilivyotawanyika. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, na majina mengi yakabaki kwenye magofu na miembe. Waulize wenye miaka sabini na kuendelea: watu wa mahali fulani walishushwa wapi? Watakuonyesha kwa kidole.

Daftari likiwa halipo parokiani, uliza ofisi ya Dayosisi ya Morogoro. Dayosisi hiyo ilianza mwaka 1965, kwa hiyo ubatizo wa Bibi ni wa wakati eneo lile liko chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, Dodoma. Huko nako kuna mlango wa kubisha. Nyaraka za zamani za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, lakini usihangaike nazo kwa sasa; zitakueleza zaidi habari za wamisionari kuliko za bibi yako. Kituo nacho, ukikipata, nenda na barua ya mchungaji au ya Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Majalada ya watoto hayafunguliwi kwa kila anayebisha hodi, na ndivyo inavyofaa.

Kuhusu haki: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na ndugu zake. Wewe si mtoto na Bibi ametangulia, lakini sioni kosa lolote katika kuuliza. Unachodaiwa ni adabu. Mwambie mama mkubwa unakwenda, usimfiche. Mwambie pia kwamba hutamlazimisha asikie utakachokipata. Mama yako aliyenyamaza mwachie nafasi. Huenda anangoja mtu mwingine aanze.

Ukienda, nenda Julai, barabara zimekauka na wazee wamemaliza kuvuna. Ukitoka Dumila kuelekea Gairo utaelekezwa njia. Ripoti kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa katekista. Chukua sukari, majani ya chai na doti moja ya kanga kwa bibi utakayemkuta. Na ukifika kwa watu wa babu, jambo la kwanza kusema ni kwamba hukuja kudai shamba. Kilosa imeona kesi za ardhi za kutosha, na mjukuu asiyejulikana akisimama uani akiuliza mipaka ya ukoo, kila mlango utafungwa. Waombe kitu kimoja tu, wakuonyeshe kaburi.

Nanyi wasomaji wa Mamboya, Berega na Magubike: kama ulilelewa kituoni miaka ya sitini, au mama yako alifanya kazi huko, tuandikie. Barua yako nitamkabidhi Mjukuu mkononi, haitachapishwa.